Mama Wawili wa Jozi ya Kumi na Saba

Kila Jumatano, kabla ya kwenda Gikomba kununua nguo za watoto za mtumba, Waringa alipitia kwanza kichochoro kimoja cha katikati ya jiji, nyuma ya Mtaa wa Biashara, kumtazama mtu akichechemea. Alisimama ng'ambo, kwenye meza ya muuza miwani, akajifanya anajaribu miwani ya kusomea. Mtu mwenyewe aliitwa Twahir. Alikuwa na duka la leso na viungo, na goti lake la kushoto halikupinda. Akitaka kushusha leso ya rafu ya juu aligeuka mwili mzima, kama mlango uliobaki na bawaba moja. Waringa akishamwona hivyo, moyo ulimtulia. Aliirudisha miwani mezani, akaenda zake.

Alifanya hivyo miaka saba. Wenzake walienda maombi ya katikati ya wiki. Yeye alienda huko.

Pale Waithaka alikoishi, watu walimjua kwa macho yake. Shule aliiacha darasa la sita, lakini barabara ya mtaa wao aliisoma kila siku na hakuruka mstari. Nani amehamia na godoro moja, nani amehama na mawili, mgeni wa nani amekaa sana, yote alikuwa nayo. "Ukitaka kujua paka yako imezaa wangapi," majirani walisema, "uliza Mama Ciru." Alimlea Ciru peke yake, na mwanamke anayelea peke yake hulala jicho moja wazi.

Kwa hiyo siku aliposema amemwona mtu, aliaminiwa.

Ilikuwa Ijumaa, karibu saa saba mchana. Mwaka ule Wakristo wa Waithaka na Waislamu wa pwani waliofungua maduka pale walikuwa wameacha kusalimiana. Waligombania kiwanja kimoja. Upande wake mmoja vilikuwa vibanda vya soko, na upande wa pili chumba cha mabati ambacho Waislamu walikifanya msikiti. Kila watu walisema wenzao wanataka kukimeza chote. Asubuhi hiyo Waringa alikuwa amefungua furushi jipya la sweta za watoto, ameziangika kwa rangi. Akaenda kwa jirani kunywa uji. Aliporudi, vibanda vilikuwa moto mtupu, na sweta zinaanguka moja moja kama ndege waliopigwa manati. Na kutoka nyuma ya vibanda, akichomoka kwenye moshi, alikuja Twahir, ambaye duka lake ndilo lililouza mafuta ya taa, ameshika jerikeni ya njano.

Waringa alinyoosha kidole. Hakupiga hata kelele. Alisema tu, "Ni huyo," na watu waliokuwa pale wakamaliza kazi iliyobaki.

Twahir alipotoka hospitali hakurudi Waithaka. Aliihamishia familia mtaa wa Satellite, na duka akalipeleka mjini. Polisi waliandika, wakaenda. Kesi haikuonekana.

Mwaka uliofuata likaja shirika moja lenye ofisi Westlands, likaitwa Mfuko wa Jozi. Lilitaka watoto wa pande zote mbili wasome darasa moja. Wenyewe walikuwa wameshajifunza tabia ya watu. Walijua kwamba wakifungua shule tu, kila upande utangoja mwingine ukosee ili uondoe watoto wake. Kwa hiyo hawakumlipia mtoto mmoja mmoja. Walilipia jozi: mtoto wa Kikristo na mtoto wa Kiislamu, dawati moja, na kila muhula kila mmoja alale kwao mwenzake siku mbili. Mama za watoto hao walitia sahihi karatasi moja, siku moja, kila mwaka. Sahihi moja ikikosekana, watoto wote wawili walitoka.

Kulikuwa na sheria nyingine iliyowaudhi wengi. Mashtaka ya upande mmoja hayakupokewa. Mkristo aliyekuja na lalamiko aliambiwa akamlete mzazi mwenzake wa jozi walitie sahihi pamoja, na Mwislamu vivyo hivyo. Karatasi ya kulalamikia ilikuwa ya pinki, na tangu shule ianze hakuna jozi iliyowahi kuiomba.

Shule yenyewe ilikuwa orofa ya chini ya nyumba ya Mzee Jamleck. Majivu ya vibanda hayajapoa vizuri, mzee huyo alikuwa ameshakizungushia kiwanja chote mabati, pamoja na upande wa msikiti, akasema ni ploti ya marehemu babake na anaiokoa isilete vita tena. Akajenga orofa nne. Mfuko wa Jozi ukawa unamlipa kodi, na ukamfanya mwenyekiti wa kamati ya wazazi, kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno ya amani. Kila sherehe alisimama akasema sisi sote ni watoto wa baba mmoja, kisha akapakuliwa kwanza. Waringa alimheshimu. Baada ya moto mzee alimletea blanketi na kilo mbili za sukari, akamwambia, "Pole, mama. Macho yako yametusaidia." Maneno hayo yalimkaa.

Waringa alipoenda kumwandikisha Ciru, aliuliza jambo moja tu: mtoto wa Twahir yumo? Yumo, akaambiwa, Nisreen, rika la Ciru, na bado hajapata mwenzake.

"Huyo," akasema.

Mwalimu alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Alidhani ameona msamaha.

Haukuwa msamaha. Waringa alitaka mtoto yule apande madarasa, apende shule, mama yake azoee kumwita daktari. Halafu ije karatasi ya mwisho, ile ya kulipia miaka mitatu ya sekondari ya juu, hiyo ndiyo angekataa kuitia sahihi. Mti ukiukata ungali mche hupati hata kuni za kuchemshia chai. "Akutendaye mtende," alijiambia akiosha vyombo. Methali hiyo aliijua tangu darasa la sita, na nusu yake ya pili aliiacha hukohuko shuleni.

Ciru naye angetoka, hilo alilijua. Dadake, Nyakio, alikuwa amemwambia kuna shule ya kutwa huko Nyeri inayochukua yeyote. Si mbaya, Waringa alijiambia. Paa inalo.

Kuna kitu kimoja tu kilichomsumbua, na kilikuwa kidogo. Mwaka wa tatu wa shule, Nisreen alipokuja kulala kwao, mfereji wa ploti ulikuwa umekauka kwa mgao. Adhuhuri mtoto akauliza kwa adabu, "Shikamoo, mama, naomba maji kidogo." Akachukua jerikeni ya lita tano, akaenda nyuma ya nyumba. Waringa alimchungulia dirishani, kwa kuwa hakuna alichokiacha bila kukichungulia. Mtoto aliinama, akanawa mikono, akasukutua, akanawa uso, na mikono mpaka viwikoni, akapaka maji kichwani, akamalizia miguu. Kisha akarudi na jerikeni yake, anapita nyuma ya vibanda vya kuku, ananyata asilowe. Waringa alisimama pale na pazia mkononi. Ilikuwa Ijumaa. Ilikuwa karibu saa saba.

Aliliachia pazia. Alienda kukoroga ugali, akaukoroga mpaka Ciru akamuuliza kama anataka kuuvunja.

Siku ya karatasi ya mwisho ilifika. Ciru alimpigia mamake pasi gauni la kanisani.

"Mum, usichelewe. Odero wa Mfuko hufunga saa kumi kamili."

"Nilishawahi kuchelewa?"

"Na tumekubaliana na Nisreen. Hata tukipelekwa shule tofauti tutaandikiana barua. Za karatasi, mum, kama watu wa kitambo."

Waringa alifunga zipu ya mkoba. "Hiyo kola umeiacha na kunyanzi," akasema.

Ofisi ya Mfuko ilikuwa orofa ya tisa. Chini, magari ya Westlands yalikuwa yamesimama kana kwamba yameegeshwa katikati ya barabara. Mwanasha, mke wa Twahir, alikuwa ameshafika, amekaa na buibui lake jeusi na mkoba unaonukia iliki. Odero, karani wa Mfuko, mwanamume mnene mwenye sauti ya mtangazaji, aliweka karatasi mezani na kalamu juu yake.

"Jozi ya kumi na saba. Ciru na Nisreen. Hawa wasichana wanaringisha ofisi nzima. Haya, nani anaanza?"

"Aanze yeye," Waringa akasema.

"Aanze yeye," Mwanasha akasema.

Odero alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Wamama wangu, ni saa tisa na robo. Na kuna jozi nyingine huko nje inaomba mkosane ichukue hii nafasi." Aliwatazama mmoja mmoja. "Wacha nilete chai. Chai haijawahi kuharibu kitu."

Mlango ulipofungwa, Mwanasha alirekebisha mtandio wake taratibu.

"Jumatano iliyopita hukuja," akasema.

"Wapi?"

"Kwa muuza miwani. Twahir aliuliza. 'Mgeni wangu leo haji?' Nikamwambia huenda anaumwa." Alimgeukia. "Miaka saba wajaribu miwani, bibi wee, na hununui. Yule muuzaji ashakupa jina. Akuita Bi Lenzi."

Masikio ya Waringa yalipata moto. Yeye aliyejua za watu wote hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anajua zake.

"Na kama ulikuwa unajua, mbona ulinyamaza?"

"Kwa sababu nami nalikuwa nakungoja. Wadhani wewe ndiwe uliyemchagua Nisreen? Nalikwenda mbele yako siku mbili. Nikamwambia mwalimu, mwanangu asipewe mwenzake mpaka aje binti wa Waringa."

"Ya nini?"

"Ya leo." Mwanasha aliichukua kalamu, akaifunga kifuniko, akairudisha palepale. "Nilitaka mwanao afike karibu kabisa na kitu, akione, kisha nikatae. Halafu nikutazame usoni. Uso uleule uliomtazama mume wangu akivunjwa mguu."

Waringa alijihisi kama mwizi aliyeruka ukuta wa watu kwa taabu, akamkuta mwizi mwingine ameshakaa kwenye kochi.

"Bwanako alichoma kibanda yangu," akasema.

"Nani alimwona?"

"Mimi. Alitoka na jerikeni."

"Ya maji. Mfereji wa msikiti ulikauka tangu Jumatano, na ile ilikuwa Ijumaa. Alikuwa awapelekea watu maji ya kutawadha. Akakuta moto, akayamwaga yote kwenye kibanda cha kwanza alichokifikia. Na kibanda chenyewe kilikuwa chako."

 Maneno hayo yalimkuta Waringa anayo tayari. Alikuwa nayo tangu alipoliachia lile pazia. Alitazama dirishani, akatazama mikono yake.

"Basi nani?" akasema mwisho. "Niambie nani. Moto haijiwashi."

"Nikikwambia, utasema nawasingizia watu wenu."

"Sema tu."

Mwanasha alishusha sauti. "Saa sita siku ile nalikuwa dukani peke yangu. Akaja Mzee Jamleck, mwenyewe kwa miguu yake. Akanunua mafuta ya taa, lita tano. Mzee apika kwa gesi, mzee hata chumvi hutuma mtu. Nikamtania, 'Mzee, leo mama amekufukuza jikoni?' Hakucheka. Akachukua, akaenda. Mikono yangu ndiyo iliyompimia."

"Na hukusema?"

"Nimwambie nani? Mafuta yametoka dukani kwangu. Mume wangu yu kitandani, mguu umening'inizwa. Ningesema, si mngekuja mkamvunja wa pili?"

 Kichwani mwa Waringa kulikuwa na mkokoteni. Ulipita Alhamisi jioni, siku moja kabla ya moto, ukisukumwa kutoka kibanda cha mwisho, cha Shiku, mpwa wa Jamleck. Ulikuwa umebeba viatu vyote, chupa ya chai, stuli, hata mbao za rafu zilizong'olewa na misumari yake. Waringa alikuwa amemuuliza Shiku anaenda wapi, na Shiku akasema anaenda arusi Murang'a. Waringa akaliona jambo hilo, akaliweka, na kwa miaka saba hakulitoa tena, kwa sababu alikuwa ameshampata mtu wake.

"Shiku alihamisha vitu Alhamisi," akasema polepole. "Alisema anaenda arusi. Alibeba mpaka rafu."

"Rafu?"

"Na misumari. Sasa nani huenda arusi na rafu?"

 Huko nje Odero alisikika akigombana na birika.

"Mzee alinipea blanketi," Waringa akasema. "Na sukari. Sukari nimekunywa mimi na mtoto."

"Sisi alituletea maua hospitali."

"Maua?"

"Ya plastiki. Twahir akasema haya yatatuzika sote, hayafi."

Kidogo wacheke. Hawakucheka. Hasira ya miaka saba huwezi kuimwaga chini kama maji ya kufulia, na Waringa aliisikia ile yake ikisimama, ikijipangusa, ikitafuta njia. Haikupungua hata tone. Iliiacha sura ya mtu anayechechemea, ikaenda ikakaa kwenye sura ya mzee anayepakuliwa kwanza, na ilipofika huko ilikuwa na nafasi zaidi.

"Ile karatasi ya pinki," akasema.

"Naijua. Yataka wawili."

"Si tuko wawili."

Mwanasha alimtazama kwa muda mrefu. "Nitatia yangu. Lakini utaandika na lako humo, kwa mkono wako. Kwamba ulimnyoshea kidole mtu asiyefanya kitu."

Hapo Waringa alikwama. Kumshtaki Jamleck kulimjia kama kiu. Lakini macho yake ndiyo mali pekee ambayo moto haukuichukua. Aandike kwamba yaliona vibaya, karatasi isomwe, maneno yafike Waithaka, kwenye mfereji, kwa kinyozi, kanisani. Watu wangesema, hata paka wale hakuwahesabu sawasawa.

"Na wewe utaandika ulimuuzia mafuta," akasema.

"Nitaandika."

"Na usiseme hukujua ni ya nini."

"Siku ile sikujua. Jioni yake nilijua. Nitaandika yote mawili."

Odero aliingia na chai, akaona sahihi bado, mabega yakamshuka.

"Tunataka ile ya pinki," Waringa akamwambia.

"Ile..." Odero aliweka trei chini. "Ile sijawahi kuitoa tangu niajiriwe." Alifungua kabati, akatafuta chini ya mafaili, akaipata, akaipuliza vumbi. "Mnajua hii ikitiwa sahihi na jozi siwezi kuirudisha kabatini? Inaenda kwa mawakili. Na kama inahusu jengo, hakuna pesa ya jengo itatoka mpaka waisome. Hiyo ni sheria, si mimi."

"Mkataba mpya wa jengo unatiwa sahihi lini?" Mwanasha akauliza.

"Mwisho wa mwezi huu. Mzee Jamleck alinipigia hata jana, aliniita mwanangu."

Wanawake wale wawili walitazamana, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuna aliyekwepesha macho.

Mwanasha aliandika kwanza, kwa mwandiko wa haraka unaoinama. Ya Alhamisi na mkokoteni aliandika Waringa, kisha akafika kwenye mstari wake. Herufi zake zilikuwa kubwa, za darasa la sita, na kidole kilichoikandamiza kalamu kilikuwa kilekile. Mimi Waringa nilinyoshea Twahir kidole na hakuwa amefanya kitu. Aliandika hivyo tu. Ile nusu ya pili ya methali ilimjia hapo, bila kuitwa: mche asiyekutenda. Akaweka nukta, akaikaza mpaka ikatoboa karatasi.

Ya watoto waliitia sahihi ikiwa imebaki dakika nne. Odero alipiga muhuri mara mbili, kwa nguvu, kama mtu anayefukuza kitu.

Kwenye lifti walikuwa peke yao.

"Mguu wa mume wangu sijausamehe," Mwanasha akasema, akitazama namba zinavyoshuka.

"Sijakuomba."

"Utaomba."

"Nitaomba siku yangu. Na nitamuomba mwenyewe, si wewe."

"Haya. Duka wewe walijua lilipo. Mlango uko upande wetu, si upande wa miwani."

Jioni Waringa alipofika Waithaka, Mzee Jamleck alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki langoni kwake, kofia magotini, anapokea salamu za wanaorudi kazini. Juu yake orofa nne zilikuwa zimewashwa taa, moja moja.

"Mama Ciru! Umetoka kwa wale watu wetu wa Westlands? Mmetia sahihi?"

"Tumetia, mzee."

"Bwana asifiwe. Na yule mama mwingine hakusumbua?"

"Hakusumbua. Tumesaidiana vizuri."

"Ndiyo amani hiyo," akasema mzee. "Ndiyo maana nawaambianga, sisi ni watoto wa baba mmoja."

"Ni ukweli." Waringa alisimama mbele yake zaidi ya ilivyohitajika. Alimtazama shingo, alimtazama tumbo, alitazama viatu vyake vilivyong'arishwa, kama mama anavyomtazama jogoo aliyemfungia kwa ajili ya Krismasi. "Na mzee, usiache kula. Naona umepungua kidogo."

"Mimi?" Jamleck akacheka, akajipapasa. "Asante, mama. Macho yako hayakosi kitu."

"Mara moja yalikosa," akasema Waringa, akamtakia usiku mwema.

Nyumbani, Ciru alimsubiri mlangoni na hakuuliza. Alimtazama tu usoni. Waringa akatikisa kichwa kuonyesha ndiyo, mtoto akamkumbatia pamoja na mkoba, mpaka zipu ikamchoma mbavu. Waringa aliuachia mkono wake ukae mgongoni mwa mtoto. Ilikuwa imebaki dakika nne, alifikiri, na hilo hakumwambia Ciru.

Jumatano iliyofuata hakupitia kwa muuza miwani. Kwa Twahir angeenda, ila angeingia kwa mlango, na maneno ya kuingia nayo alikuwa bado anayatafuta. Kutazama kwenyewe hakukuhitaji tena safari. Alitoa stuli yake nje, akaiweka mahali panapoonekana lango la orofa nne, akaketi kuchambua maharagwe, na hakuharakisha.